Neno la Kiingereza "score" la wanamuziki: ni mkato, ni ishirini au ni deni?

#1 Besi_wa_Pili
Wadau, salaam. Kuna jambo limezua mabishano katika kwaya yetu tangu Jumapili, nami naomba wenye ujuzi watusaidie. Waingereza huita "score" ile karatasi ambayo mtunzi huandika sauti zote za wimbo pamoja, moja juu ya nyingine, ili anayeongoza aone soprano, alto, tenori na besi kwa wakati mmoja. Neno hilohilo kwao ni idadi ya ishirini, ni mabao ya mpira, na tena ni alama za mtihani. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba asili yake ni ishirini, kwa hoja kwamba kwaya ina sauti nne, kila sauti ina stafu yake (safu ya mistari ya kuandikia noti) yenye mistari mitano, na nne mara tano ni ishirini. Hesabu hiyo inapendeza mno, na ndiyo sababu naitilia shaka. Nani ana historia yake?

#2 Mkutubi_wa_Pwani
Neno hili si la Kilatini kama yalivyo maneno mengi ya muziki katika Kiingereza. Lilifika Uingereza na watu wa Skandinavia, na katika Kinorse cha kale "skor" ni mkato uliochongwa juu ya mti, au hata ufa katika mwamba. Ukoo wake ni mkubwa: "shear" ya kukata manyoya ya kondoo, "short", na hata "shirt" na "skirt", yote yanarudi kwenye mzizi wa kukata. Maana ya ishirini inadhaniwa kuwa ilitoka kwa wahesabuji wa mifugo ambao, kila walipofika ishirini, walitia mkato mmoja kwenye fimbo na kuanza upya.

Kuhusu muziki, kamusi za asili ya maneno huweka 1701 kuwa mwaka ambao maana hiyo inaonekana kwanza katika maandishi, na maelezo yake ni kwamba ilitokana na mistari ya wima iliyopigwa kukatiza stafu zote ili kuziunganisha. Kwa hiyo ishirini na muziki ni watoto wa baba mmoja, lakini mmoja hakumzaa mwenziwe.

#3 Kinanda_Kibovu
Namuunga mkono Mkutubi, na ile hesabu ya nne mara tano naomba tuizike mapema kabla haijaota mizizi. Stafu haikuwa na mistari mitano siku zote. Nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kanisa Katoliki, huandikwa hadi leo kwa mistari minne, na muziki wa kinanda wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17 uliandikwa kwa stafu mbili zenye mistari sita kila moja, yaani kumi na miwili kwa jumla. Tena neno "score" hutumika bila kujali idadi: utunzi wa fidla mbili, viola na cello una stafu nne, wa okestra kubwa unaweza kupita ishirini, na wote huitwa hivyohivyo. Mwambie mwenzako arudi kwenye sauti yake ya tenori atuachie hesabu.

#4 Besi_wa_Pili
Nimemfikishia, naye anauliza: Thomas Tallis aliyetunga wimbo wa sauti 40, yaani kwaya 8 zenye waimbaji watano watano, si alitunga "score" mbili kamili? Nimeshindwa kumjibu kwa sababu nilikuwa nacheka.

#5 Mikoko_na_Boriti
Asalaam alaykum. Mimi si mtu wa muziki, ila mmegusa biashara ya kwetu. Hapa Lamu boriti za mikoko zimeuzwa kwa korija tangu enzi za majahazi yaliyozipeleka Uarabuni, na korija moja ni ishirini. Neno letu lina asili ya Bara Hindi, ambako "kori" ni ishirini, na lilitumika pia kwa nguo na shanga. Kwa hiyo kuhesabu kwa ishirini si jambo la Waingereza na kondoo wao pekee, kwani mtu yeyote mwenye vidole vya mikono na miguu anaweza kulifikia. Lakini nauliza: korija ya kwetu haikuwahi kugeuka kuwa neno la nyimbo, nasi tuna tarabu na tenzi za kutosha. Ikiwa ishirini ingekuwa njia ya kufikia muziki, mbona haikupitika kwetu?

#6 Mkutubi_wa_Pwani
Wa alaykum salaam, shekhe. Swali zuri, na nadhani jibu limo katika ule mkato, kwa kuwa korija haina mkato ndani yake na "score" inao.

Tazameni jinsi Hazina ya wafalme wa Uingereza ilivyofanya kazi. Hati ya karne ya 12 iliyoandikwa na Richard FitzNeal, aliyekuwa mweka hazina, inaeleza vipimo vya mikato kwenye fimbo za hesabu: pauni elfu moja ni mkato wenye upana wa kiganja, pauni mia moja ni upana wa kidole gumba, pauni ishirini ni upana wa kidole cha mwisho, na pauni moja ni unene wa punje ya shayiri iliyokomaa. Kwa peni moja hakikutolewa hata kipande cha mti, bali ilitiwa alama ya kisu tu. Baada ya kuchanjwa, fimbo ilipasuliwa kwa urefu, mkopeshaji akashika nusu moja na mdaiwa nusu ya pili, na siku ya kulipana nusu hizo ziliunganishwa ili mikato ionekane kuwa inalingana.

Utaratibu huo ulidumu rasmi hadi 1826. Mwaka 1834 waliamua kuzichoma zile fimbo kuukuu katika matanuri ya chini ya ukumbi wa Mabwana, moto ukazidi, na sehemu kubwa ya majengo ya Bunge la Westminster ikateketea usiku wa tarehe 16 Oktoba.

#7 Daftari_la_Duka
Mkutubi ameleta ushahidi kisha akaupita bila kuutazama. Fimbo mbili zinazowekwa pamoja ili mikato ilingane ndiyo picha halisi ya sauti zinazopangwa pamoja ili mapigo yalingane. Mimi nadai kwamba wanamuziki walichukua neno kutoka katika hesabu, na si kutoka katika mistari. Kabla ya karne ya 17 kwisha, "score" kwa Mwingereza wa kawaida lilikuwa kumbukumbu ya deni, hasa deni la kilabuni, lililochanjwa kwenye fimbo au kuandikwa kwa chaki. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mfalme Henry wa Sita, sehemu ya pili, mwasi Jack Cade analalamika kwamba mababu zake hawakuwa na vitabu vingine ila "score" na "tally", yaani fimbo ya hesabu. Yaani neno hilo lilikwisha kuwa jina la maandishi ya kumbukumbu ya watu wasiojua kusoma. Kutoka hapo hadi maandishi ya kumbukumbu ya sauti si mbali.

#8 Alto_Mkorofi
Kwa hiyo mtunzi ni mdaiwa, na kondakta ndiye mwenye kilabu. Sasa naelewa kwa nini mwalimu wetu hutupigia kelele kila tukikosa pigo: kuna deni la zamani!

Ila Daftari, ukweli usemwe. Umeleta mfanano, hujaleta ushahidi. Nionyeshe mwanamuziki mmoja wa wakati huo aliyefananisha sauti na fimbo za deni.

#9 Ruzizi
Jambo, ndugu zangu. Niko Bukavu. Huku walimu wa kwaya husema "partition" kwa Kifaransa, na wazee hutamka "partisyo". Waitalia husema "partitura", Wajerumani "Partitur", Wahispania "partitura", na Warusi wana neno hilohilo. Yote yanatoka katika kitenzi cha Kitalia na Kilatini cha kugawa. Ulaya nzima iliona karatasi ile ikaipa jina la kugawa, halafu Mwingereza akaiona karatasi ileile akaipa jina la kukata. Je, hawezi kuwa alitafuta tu neno la kikwao lenye maana iliyo karibu? Kukata na kugawa si mbali, na mkate ukiukata umekwisha kuugawa.

#10 Mwalimu_Solfa
Ruzizi amesema jambo la maana, lakini nina pingamizi kwa Mkutubi na kamusi zake, na pingamizi langu linatoka mezani ninapoandikia. Ninaponakili wimbo wa sauti nne kwa mkono, huchora kwanza stafu nne, kisha nashika rula na kugawa mapigo kwa mistari ya wima. Mistari hiyo haikatizi kutoka stafu hadi stafu. Inakomea ndani ya kila stafu, kwa kuwa katikati yapo maneno ya wimbo, na mstari ukipita hapo utakata silabi. Fungueni kitabu chochote cha nyimbo za kwaya kilichochapwa vizuri, mtaona hivyohivyo. Wanaounganisha mistari ni wa ala: fidla kwa fidla, tarumbeta kwa tarumbeta. Sasa, kama jina lilitokana na mstari unaokatiza stafu zote, kwa nini limeenea hata mahali ambapo mstari huo haupo?

Kwenye solfa ndiyo usiseme. Pale hatuna stafu kabisa, ni herufi za d, r, m zilizopangwa kwa safu, nukta mbili katikati ya mapigo, na mistari mifupi ya wima. Hata hivyo nimewasikia watu wakiiita "score" bila wasiwasi wowote.

#11 Kinanda_Kibovu
Mwalimu, heshima yako. Pingamizi ni zuri, lakini lina majibu mawili. Kwanza, hata katika kitabu cha kwaya, mwanzo kabisa wa kila safu upande wa kushoto kuna mstari mmoja wa wima unaofunga stafu zote nne, na huo hauachwi. Pili, jina likishazaliwa halirudi kuomba ruhusa kwa kila karatasi. Kuacha nafasi ya maneno ni adabu ya uchapaji wa muziki wa kuimba, nayo haifuti maana ya neno.

Tena kuna jambo ambalo uzi huu umeliruka. Mnaongea kana kwamba sauti ziliandikwa pamoja siku zote. Mjini Paris, karibu na mwaka 1200, watunzi wa kanisa la Notre-Dame akina Pérotin waliandika sauti zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine. Baadaye desturi hiyo ikaachwa kwa sehemu kubwa, na sababu mojawapo ilikuwa ngozi ya kuandikia. Sauti ya chini ilikuwa na noti chache ndefu na sauti za juu zilijaa maneno na noti fupi, hivyo kuzipanga pamoja kuliacha nafasi tupu nyingi kwenye ngozi ya bei kubwa. Wakaandika kila sauti mahali pake pa ukurasa, na baadaye kila sauti katika kitabu chake. Kwa takriban miaka 300 mwimbaji wa besi hakuona alto anaimba nini, ilibidi amsikilize.

Mpangilio wa pamoja ulirudi katika karne ya 16. Kitabu cha mafunzo ya muziki cha Lampadius kilichochapwa Bern mwaka 1537 kinaonyesha sauti zilizopangwa na kugawanywa kwa mistari ya wima, na mwaka 1577 Gardano wa Venice alichapa madrigali (nyimbo za mashairi, si za kanisa) za sauti nne za mtunzi Cipriano de Rore kwa mpangilio huo, akiwataja katika jalada wapiga ala na wanafunzi wa utunzi. Kwa hiyo kilichokuwa kipya machoni pa watu ni ule mgawanyo wa wima, na ni kawaida watu kukiita kitu kwa jina la kile kilicho kipya ndani yake.

#12 Besi_wa_Pili
Asante, Kinanda. Kumbe besi tumekuwa tukiimba gizani kwa karne tatu, nami nililaumiwa kwa kukosa pigo moja!

#13 Ngozi_na_Wino
Naomba niongeze njia nyingine ambayo haijatajwa. Kukwaruza. Kabla ya stafu kuwapo, waandishi wa nyimbo za kanisa walitia alama za sauti juu ya maneno bila mstari wowote. Kisha baadhi yao wakaanza kukwaruza mstari mmoja juu ya ngozi kwa ncha ya chuma bila wino, ili alama ziwe juu au chini ya mstari huo. Ndipo Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia aliyefundisha muziki, kati ya 1025 na 1030 hivi, akaeleza mfumo wa mistari yenye rangi, mwekundu kwa noti ya fa na wa njano kwa noti ya do. Mstari uliokwaruzwa kwenye ngozi ni "score" kwa maana kamili ya Kinorse, kwa kuwa ni mkato na si wino. Hata baadaye watunzi walitumia vibao vilivyochorwa mistari ambavyo maandishi yake yalifutika, wakatunga hapo kisha wakanakili sauti mojamoja. Kwa maoni yangu, neno linahusu mistari ya ulalo, ile ya kuandikia, na ile ya wima haimo kabisa.

#14 Alto_Mkorofi
Ngozi, njia yako ni nzuri kuitazama, lakini daraja lake limevunjika katikati. Mkwaruzo wa ngozi ni kabla ya Guido, na neno la muziki kwa Kiingereza tunaambiwa ni 1701. Ni karibu miaka 700 ya ukimya. Mwandishi aliyekwaruza ngozi aliandika kwa Kilatini, hakuwa na haja ya neno la Kinorse.

#15 Ngozi_na_Wino
Na wewe usiugeuze mwaka 1701 kuwa cheti cha kuzaliwa. Huo ni mwaka ambao neno limekutwa kwenye karatasi. Mtunzi Mwingereza Henry Purcell aliandika fantazia zake, tungo za "viol" (ala za nyuzi za kale), mwaka 1680 kwa mkono wake, sauti zote pamoja ukurasa mmoja. Sidhani kwamba alizikodolea macho miaka yote akisubiri kamusi impe jina la kuziita. Neno la mafundi huishi midomoni muda mrefu kabla ya kuandikwa.

#16 Tamasha_Daima
Huku kwetu Kenya neno hili limenitia aibu. Katika tamasha la muziki la shule mwanafunzi wangu alimwendea mwamuzi akamwomba "score", akimaanisha karatasi ya noti, naye mwamuzi akamjibu kwamba matokeo bado hayajatangazwa! Kwa hiyo naegemea upande wa Daftari la Duka: maana ya kuhesabu ndiyo iliyo hai zaidi katika lugha, na za mabao na alama zinatoka hapo bila ubishi. Halafu watu wa sinema nao husema filamu "imepewa score", wakimaanisha muziki uliotungwa kuifuata, kama ule Max Steiner alioutungia King Kong mwaka 1933. Hapo hakuna anayefikiria mistari wala karatasi, maana mtazamaji haioni kamwe.

#17 Mkutubi_wa_Pwani
Mwalimu wa Tamasha, maana iliyo hai leo haituambii ipi ilitangulia. Mabao yanatoka katika kuhesabu kwa mikato, sawa, hilo halina mgogoro. Lakini muziki wa sinema umepita kwanza kwenye karatasi ya mtunzi, ndipo jina likahama kutoka karatasi hadi muziki wenyewe, kwa hiyo bado tuko palepale.

#18 Nukta_kwa_Nukta
Nimesoma uzi wote kwa utulivu. Niongeze kwamba hata "compose", kitenzi chenyewe cha kutunga, kina mchanganyiko kama huu. Wengi hudhani kinatoka moja kwa moja katika Kilatini "componere", kuweka pamoja. Kwa kweli kimepitia Kifaransa "composer", ambacho sehemu yake ya pili inatoka katika "pausare", kutua au kupumzika, na maneno hayo mawili yakachanganywa kwa sababu yalifanana kwa sauti na kwa maana. Nasema hivyo kwa sababu kila mtu humu anatafuta mzazi mmoja wa "score", na huenda ni kosa la swali. Katika lugha iliyokuwa tayari na mkato, ishirini na deni ndani ya neno moja, mwanamuziki aliposema "score" angewezaje kusikia maana moja tu?

#19 Alto_Mkorofi
Nukta, hiyo ni njia ya heshima ya kukwepa swali. Mzazi wa kwanza lazima awepo.

#20 Kinanda_Kibovu
Kuna kipande kingine ambacho nadhani kina uzito. William Boyce alichapisha London, kati ya 1760 na 1773, mabuku matatu ya muziki wa makanisa makuu ya Uingereza, na jalada lake linasema ni mkusanyo "in score". Halisemi mkusanyo wa "scores". Yaani hapo neno linataja hali ambayo muziki umewekwa, kama tunavyosema kitu kimepangwa kwa safu. Hali hiyo ni ya kuchorewa mistari. Deni huwekwi "ndani yake" kwa namna hiyo, wala ishirini. Kwa hiyo kwangu mistari ya wima inaongoza.

#21 Daftari_la_Duka
Kinanda, mdaiwa wa Kiingereza naye alinywa "on score", kwa mkopo, na hapo pia neno linataja hali. Usinifungie mlango kwa kiambishi kimoja.

#22 Ruzizi
Nami nauliza tena, kwa sababu hakuna aliyenijibu. Ikiwa mistari ya wima ndiyo iliyowavutia wote, basi Waitalia walioichapa mwaka 1577 waliiona kwanza, na neno lao lilikuwa tayari. Katika muziki Waingereza walichukua "opera", "sonata", "solo" na "allegro" kutoka kwao bila hata kubadilisha herufi. Kwa nini neno hili moja walilikataa?

#23 Mwalimu_Solfa
Ruzizi, huenda kwa sababu hayo uliyotaja ni maneno ya jukwaani na hili ni la mezani. Maneno ya jukwaani huja na waimbaji mashuhuri na mabango yao, na msikilizaji huyajua. Karatasi yenye sauti zote alikuwa nayo mtunzi, mnakili na kiongozi, na mnakili wa London aliyekaa na rula na kalamu yake ya ncha tano akichora stafu kwa mkupuo mmoja hakuwa na sababu ya kuongea Kitalia. Alisema alichokuwa akikifanya. Lakini alikuwa akifanya kipi wakati huo, kuchora ya ulalo kama anavyodai Ngozi, au kukata ya wima kama anavyodai Kinanda? Hapo ndipo mimi bado sijaridhika na yeyote kati yenu.

#24 Mikoko_na_Boriti
Nimemuuliza jirani yangu fundi seremala, asiyejua noti hata moja. Amesema kwamba mbao zikilazwa ubavu kwa ubavu, mstari unaopigwa kukatiza zote huwekwa ili baadaye ujue zilikaa vipi pamoja, na ule wa ulalo huwa wa kila ubao peke yake. Ngozi, jibu hilo.